Harufu Zinazoonekana

Kosa lilikuwa la neno moja, na lilifanywa na mtu anayelipwa mshahara ili asikosee.

Njia ya kupanda mlimani iligawanyika mbele ya zizi la kondoo, na kibao cha mbao kilichopaswa kuonyesha upande kilikuwa kimeanguka kifudifudi kwenye nyasi. Mama Pacha alikigeuza kwa ncha ya kiatu. Kilikuwa na mishale miwili na maandishi asiyoyajua, na kwa kuwa kimeanguka, mishale hiyo ingeweza kuelekea popote mtu atakapo. Mumewe akatoa simu, akafungua programu ya kutafsiri, akamwendea mwanamke aliyekuwa akigongomea misumari kwenye uzio wa zizi. Akaandika kwa kujiamini: Tunatafuta maziwa. Yalikuwa mawili, la chini na la juu, naye hakuwa mtu wa kutaja nusu ya jambo.

Mwanamke alisoma kioo cha simu, akawatazama kuanzia viatu hadi kofia, akacheka kidogo, kisha akaonyesha kushoto kwa nyundo.

Simu ilikuwa imemwambia kwamba wageni hawa wawili wamepanda mlima kutafuta maziwa ya kunywa. Wao hawakulijua hilo. Walishukuru kwa mikono na kwa vichwa, wakashika njia ya kushoto.

"Una uhakika ni huku, Baba Pacha?"

"Mwenyeji amesema."

"Mwenyeji amecheka."

"Watu wa milimani ni wachangamfu. Tembea, mama, usitafute kesi."

Mama Pacha na Baba Pacha ndiyo majina waliyopewa na mtaa mzima tangu mabinti zao walipozaliwa wawili kwa mkupuo, na wenyewe waliyazoea hadi wakaitana hivyo hata chumbani. Kazini mume alikuwa na jina jingine: Bwana Pua. Alikuwa mwonjaji wa chai. Kila asubuhi vikombe vyeupe vilipangwa mbele yake mstari mrefu, kila kimoja na chai ya shamba lake, naye alipita na kijiko akifyonza kwa kishindo, akitema kwenye ndoo, na kusema alichokipata. Akisema chai hii imelala karibu na dizeli, mtu alitumwa ghalani, na dizeli ilionekana. Sasa mwonjaji mkuu, ambaye wote walimwita Mzee, alikuwa anastaafu, na kiti chake kilikuwa kimeahidiwa Bwana Pua. Angekikalia wiki hiyohiyo watakayorudi nyumbani.

Mama Pacha alikuwa na sababu za kuamini kwamba pua hiyo imekufa.

Hakuwa mtu wa kuamini mambo kwa hisia. Alifanya kazi katika maabara ya hospitali, akipima damu, na ndiyo iliyowaleta huku: mwajiri alimtuma kujifunza mashine mpya, mume akachukua likizo akamfuata, na siku hii ya mwisho ilikuwa yao. Sababu zake alizipanga kama anavyopanga majibu ya wagonjwa. Mvua za mwanzo wa mwaka zilimlaza mumewe kwa mafua makali. Baada ya hapo maharage yaliungua jikoni yeye akiwa amekaa meza ya pembeni anasoma gazeti, na hakuinua kichwa mpaka moshi ulipomfika machoni. Baadaye akavaa kwenda kazini shati lililovunda kabatini, akaaga kwa furaha. Na lipo la tatu, ambalo lilimchukua muda kuliona: siku hizi mumewe alisifu harufu kuliko zamani. Alisifu kahawa inapomiminwa, mkate unapokatwa, ua linapokuwa mbele yake. Hakuwahi kusema "kuna kitu kinanukia" na kitu chenyewe kiko chumba cha pili. Alisifu harufu zinazoonekana.

Angeweza kumuuliza. Lakini kumuuliza Bwana Pua kama bado ana pua ni kumuuliza imamu kama bado anaswali: swali lenyewe ni tusi, na jibu hujulikana kabla. Miaka mingi ya kupima damu ilikuwa imemfundisha kwamba maneno ya mgonjwa ni kitu kimoja na kilichomo kwenye kichupa ni kingine. Kwa hiyo alitaka kipimo. Kama alikuwa anakosea, hakukuwa na la kusema. Kama hakosei, mumewe alikuwa anakwenda kukalia kiti ambacho siku moja kingemwangusha mbele ya watu, na yeye Mama Pacha alitaka kujua kabla ya kupanda ndege kesho. Na chini ya swali hilo lilikuwapo jingine, ambalo hakulipanga pamoja na mengine: kwa nini hajaniambia?

Njia ilipita kati ya misonobari, ikatokea kwenye mteremko wa nyasi fupi. Kando ya maji yaliyotiririka kulikuwa na maua madogo ya njano, mengi kama yaliyomwagwa.

"Angalia," alisema mume. Akainama, akavuta pumzi. "Mazuri kweli haya. Yana harufu ya asali asali hivi."

Mama Pacha naye akainama. Alisikia harufu ya nyasi na ya tope. Hilo halikuthibitisha lolote. Huenda yeye ndiye mwenye pua mbovu. Akaendelea kupanda.

Badala ya ziwa, njia iliwafikisha kwenye jengo fupi la mawe lenye paa la bati. Mlangoni alisimama mtu mnene mwenye aproni nyeupe na viatu vya mpira, na nyuma yake yalionekana masufuria makubwa ya shaba. Ilikuwa nyumba ya kutengenezea jibini. Mume akamwonyesha simu yenye maneno yaleyale. Mtengeneza jibini alisoma, akaweka mkono kifuani kama mtu aliyepewa heshima asiyoitarajia, akawaingiza ndani, akawavutia benchi, na kabla hawajakaa vizuri akawa amewawekea mezani vikombe viwili vikubwa vya bati vilivyojaa.

Walitazamana.

"Kwani tumeagiza?" aliuliza mume.

Mama Pacha alitazama kikombe. Akatazama simu. Kicheko kilianzia tumboni, na ilimbidi ashike meza.

"Umemwambia tunatafuta nini?"

"Maziwa."

"Maziwa, Baba Pacha."

"Ndiyo, ma—" Akatazama kikombe. "Aa."

"Na yule mama wa zizini naye ulimwambia hivyohivyo. Ndiyo maana alicheka. Watu wazima, na mabegi mgongoni, wanapanda mlima kutafuta maziwa."

"Sasa ningesemaje? Yako mawili. Ningesema ziwa?"

"Ungesema ziwa, simu ingetafsiri titi, na yule mama angekupiga na nyundo."

Mume naye akacheka, kile kicheko chake cha mabega, mpaka mtengeneza jibini, asiyejua kinachochekwa, akacheka nao kwa adabu. Kisha akawaita kwa mkono. Alitaka kuwaonyesha chumba cha ndani.

Chumba kilikuwa kimechimbwa kwenye mwamba wenyewe. Jibini zilipangwa kwenye rafu za mbao kutoka sakafuni hadi juu, za mviringo, za rangi ya ngozi kavu, na baadhi zilikuwa zimeota ukungu kama sufi. Mlango ulipofunguliwa Mama Pacha alipigwa usoni na harufu ya soksi zilizolowa, ya zizi, na ya kitu kingine kikali kilichompanda hadi kwenye macho. Alirudi nyuma hatua nzima. Mumewe aliingia kama anayeingia ofisini kwake. Alitembea kati ya rafu mikono nyuma, akatikisa kichwa kwa heshima, akageuka kumwambia mkewe jambo, na hapo ndipo alipomwona na kitambaa puani. Akakunja uso.

"Kali, eh?" alisema.

Aliukunja vizuri, lakini aliukunja kwa kuchelewa. Mama Pacha aliliweka hilo mahali pake, pamoja na maharage na shati.

Waliporudi mezani, hata hivyo, mambo yalivurugika. Mume alichukua kikombe, na labda kwa mazoea ya kazi, akafyonza kwa kile kishindo cha vikombe vyeupe, akayazungusha mdomoni, akaangalia dari. "Mazito," alisema. "Mafuta mengi, na mafuta yenyewe mapya, hayajaganda. Matamu kidogo mwanzoni. Mwishoni kuna chumvi, kwa mbali sana. Huyu ng'ombe amelamba jiwe la chumvi." Akayaandika kwenye simu. Mtengeneza jibini alisoma, akakodoa macho, akaenda mlangoni akaonyesha kwa kidole: jiwe jeupe la chumvi lilikuwa juu ya gogo, limelambwa hadi likawa na shimo katikati. Akampiga Bwana Pua begani.

Mama Pacha alikunywa yake polepole. Kama pua imekufa, hayo yametoka wapi? Aliyarudia moja moja. Uzito ni kazi ya ulimi na mashavu. Hata kipofu wa pua huujua. Mafuta, vivyo hivyo. Utamu na chumvi ni vya ulimi. Mumewe alikuwa amesema mambo manne ya kweli, na hakuna hata moja lililohitaji pua. Ile harufu ya moshi wa kuni iliyokaa juu ya maziwa kama ngozi, ambayo yeye mwenyewe, mtu wa damu na vichupa, aliisikia tangu kikombe kilipokuwa mezani, mumewe hakuitaja.

Bado haukuwa ushahidi. Mtu anaweza kusahau kutaja jambo.

Mume alitoka nje kujaza chupa za maji bombani. Mama Pacha alichovya kidole kwenye kikombe, akachora mezani: mlima, na juu yake maduara mawili, moja chini na moja juu. Mtengeneza jibini alitazama, akatazama simu iliyoachwa mezani, akatazama tena mchoro, na alipoelewa alijipiga paja. Akamwonyesha kupitia dirishani njia iliyopanda nyuma ya jengo. Akagusa duara la chini, akainua kidole gumba. Akagusa duara la juu, akainua kidole gumba pia. Kisha, kwa mkono wa pili, akajibana pua, akapepea hewa mbele ya uso wake na kutoa ulimi kama mtu anayekufa.

Mama Pacha alielewa. Ziwa la juu linanuka.

Alitazama dirishani. Mumewe alikuwa amechuchumaa bombani, mgongo kwao, akiimba peke yake. Kipimo alichokuwa akikitafuta tangu mvua za mwaka huu kilikuwa kimeletwa mezani na mgeni, bure, pamoja na maziwa. Alichohitaji ni kufunga mdomo. Aliona haya kidogo, kama anapomchoma mtoto sindano huku mama mtu akimtazama. Haya hiyo haijawahi kumzuia kuchoma.

"Amesemaje?" aliuliza mume alipoingia.

"Njia ni hii ya nyuma. Yote mawili yako mbele yetu."

Hakusema uongo. Mtengeneza jibini aligoma kupokea chochote kwa ajili ya maziwa, akawasindikiza hadi kwenye lango la ng'ombe, akiwa bado anacheka.

Ziwa la chini lilikuwa la kawaida kwa uzuri wake: la buluu, safi, limezungukwa na mawe ya kukalia. Walikula mikate yao hapo. Mume alitupa jiwe bapa likaruka mara kadhaa juu ya maji, akajisifu. Akasema wale mabinti wangekuwa hapa wangekwisha kumtaka awabebe. Alimuuliza mkewe kuhusu ile mashine mpya, akasikiliza majibu, akauliza maswali ya akili. Alikuwa mume mwema siku ile. Mama Pacha aliona kwamba angependa zaidi angekuwa mkorofi.

Kisha wakapanda. Njia ilijikunja kwenye changarawe, na upande wa kivuli vilibaki viraka vya theluji vilivyochafuka. Harufu ilimfikia Mama Pacha kabla ya ukingo, kwanza kwa mbali, kama njiti ya kiberiti iliyowashwa na kuzimwa, halafu waziwazi: mayai viza. Alimtazama mumewe kwa pembeni. Alikuwa anapanda kwa mwendo wake, anahema, jasho linamtoka, uso mtulivu.

Walifika ukingoni, na ziwa la juu likajifungua chini yao. Lilikuwa la kijani, kijani kizito cha rangi ya ukutani, na mwambao wake ulikuwa na utando wa manjano. Upande mmoja mapovu yalipanda taratibu kutoka kwenye kina na kupasuka. Upepo ulikuwa unawavumia. Mama Pacha alipumua kwa mdomo.

Mumewe alisimama, akaweka mikono kiunoni, akafumba macho, akavuta hewa kwa pua mpaka kifua kikajaa.

"Aaa," alisema. "Pananukia hapa, mama. Hewa ya mlimani haina mfano."

"Pananukia?"

"Pananukia kabisa. Husikii?"

Kati ya kunuka na kunukia pana herufi moja tu, na mtoto wa miaka mitatu haikosei. Mama Pacha alikuwa na jibu lake. Alikuwa amelitafuta kwa miezi, na lilikuwa safi kuliko alivyotarajia: hakuna swali lililoulizwa, hakuna dokezo, hakuna nafasi ya kubahatisha. Aliona jinsi alivyokuwa amelipata vizuri, na hakujua alipeleke wapi.

Hakupewa nafasi ya kuamua. Kutoka upande wa mapovu walikuwa wanapanda vijana wanne, mabegi mgongoni, skafu zimefungwa puani kama majambazi. Mmoja alijifanya kuzimia, mwenzake akamkokota kwa mkono, wote wakicheka. Walipowapita, msichana wa mwisho alimwangalia Baba Pacha aliyesimama pale kifua mbele, akajibana pua kwa vidole viwili, akamwinulia kidole gumba kumpongeza kwa ushujaa.

Mume aliwatazama mpaka wakapotea nyuma ya mwamba. Kisha akamtazama mkewe, aliyekuwa akihema kwa mdomo.

"Pananuka," alisema.

"Pananuka."

"Sana?"

"Mayai viza. Kapu zima."

Alikaa juu ya jiwe. Kwa muda alitazama utando wa manjano kando ya maji, ambao ungeweza kumwambia kila kitu kama angeuuliza mapema: salfa ina rangi. Mtu anayeishi kwa harufu zinazoonekana alikuwa amesahau kutazama.

"Ulijua," alisema. "Si sasa hivi. Ulijua tangu kule kwa maziwa. Yule bwana alikwambia."

"Aliniambia."

"Ukaniacha nije nijianike."

"Nilikuacha."

"Mimi ni mgonjwa wako?"

"Mgonjwa wangu angekuwa ameniambia kinachomuuma."

Hilo lilifika. Mume aliokota kijiwe, akakigeuza, akakitupa majini bila kutazama kilipoangukia. Mama Pacha alikaa pembeni yake, upande wa upepo.

"Tangu mafua," alisema mume mwishowe. "Nilidhani itarudi wiki ile. Halafu wiki iliyofuata. Nikikwambia wewe, utanipeleka hospitali, watanipa karatasi, karatasi ikishaandikwa haifutiki. Nikajisemea, ikirudi nitamwambia kama kichekesho."

"Na kazini umewezaje? Mko watatu mnaoonja."

"Tunakwenda kwa zamu, mmoja anasema, wa pili anasema, wa tatu anasema. Mimi nimekuwa wa tatu. Nasubiri. Ulimi wangu ni mzima, macho mazima. Naangalia jani, naangalia rangi ya maji, naonja ukali. Wakisema wote wawili ina moshi, nami naisikia ina moshi." Alitabasamu bila furaha. "Wananiona nimekuwa mnyenyekevu. Mzee amenisifu kwa hilo. Alisema sasa umekomaa, unasikiliza wenzako."

"Na mkuu?"

"Mkuu anasema wa kwanza."

Hapakuwa na haja ya kuongeza. Kiti alichokuwa anakwenda kukalia kilikuwa ndicho mahali pekee katika chumba kile ambapo hangeweza kujificha. Mama Pacha aliyapima hayo, akaona kwamba mumewe alikuwa ameyapima kabla yake, mara nyingi, peke yake, na alikuwa anakwenda vilevile. Hilo ndilo lililomshangaza.

"Ungefanyaje siku ya kwanza?"

"Sijui. Nilidhani huku juu, hewa nyingine, pengine ingefunguka." Alimgeukia. "Sasa nipime. Umeshanipima kwa wizi, nipime na kwa haki."

"Si hapa. Hii ni maabara mbovu. Harufu ya namna hii hulewesha hata pua nzima. Mimi mwenyewe sasa siisikii kama nilivyoisikia tulipofika."

"Ni kweli? Inapotea?"

"Inapotea. Ukikaa nayo, pua inaacha kuripoti."

"Ajabu," alisema mume, na kwa mara ya kwanza tangu wale vijana wapite, uso wake ulikuwa na kitu kingine zaidi ya aibu.

Walishuka hadi ziwa la chini, kwenye hewa safi. Mama Pacha akamwambia ageuke, afunge macho kwa skafu. Akatoa begini alivyokuwa navyo: ganda la chungwa walilokula, sabuni ya nyumba ya wageni, kijifuko cha kahawa, dawa ya kuchua misuli, na karatasi ya shashi isiyo na kitu, kwa ajili ya kumkamata akibahatisha. Alivipitisha chini ya pua yake bila mpangilio, akavirudia, kimya, bila hata kubadili namna ya kupumua.

"Hakuna," alisema mume. "Hakuna. Hii baridi, inachoma juu huku. Dawa ya kuchua."

"Hiyo haihesabiki. Huo ni mshipa mwingine, wa kusikia ubaridi. Hata maiti ya pua huijua."

"Una maneno matamu. Hakuna. Hakuna. Hapa kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kitu. Kama mtu amepita chumbani."

Ilikuwa chungwa. Alimpa shashi tupu, akasema hakuna. Alimpa sabuni, hakuna. Akarudisha chungwa, akalibana ganda lirushe mafuta. Akasema kipo, kilekile. Akamjaribu kwa kumdanganya, akampa shashi tupu mara mbili mfululizo, na hakudanganyika.

Mama Pacha alimfungua skafu, akamwambia alichokiona na asichokijua. Kahawa hakuna, sabuni hakuna, chungwa kidogo, bila jina. Mishipa ya harufu ni ya ajabu mwilini, huweza kuota upya, lakini kwa mwendo wa kobe, na si kwa kila mtu. Wako madaktari wanaowafundisha watu kunusa upya, vitu vilevile asubuhi na jioni, kwa miezi mingi. Hakujua kama ingemfaa. Hakumwambia kwamba itarudi.

"Kwa kiti cha Mzee haitoshi," alisema mume.

"Haitoshi."

Njiani kuteremka alianza kutunga. "Nitamwambia: Mzee, afya yangu si nzuri siku hizi."

"Afya yako ni nzuri."

"Mzee, nimepata tatizo dogo la pua."

"Si dogo."

"Mzee, sinusi kitu chochote."

"Chungwa."

"Wewe mwanamke, niache niongee na bosi wangu." Lakini alikuwa anacheka, na alirekebisha.

Mtandao ulipatikana kwenye kituo cha basi, chini kabisa, penye benchi na ratiba isiyosomeka. Mume alipiga simu akiwa amesimama. Mama Pacha alisikia upande mmoja. Shikamoo, Mzee. Salama, wazima wote. Ndiyo, kuna baridi. Kisha mumewe akasema, kwa sauti ileile anayotumia kutaja kasoro ya chai: "Mzee, tangu mafua yale sisikii harufu. Nimepimwa leo. Ipo ya chungwa kwa mbali, nyingine hakuna. Nilikuwa nawafuata wenzangu." Akahamishia simu sikio la pili. "Ndiyo. Tangu wakati huo. Ndiyo, na lile kundi la mifuko ya chai yenye ukungu lililorudishwa na mnunuzi, siku ile wale wawili hawakuwapo, nilionja peke yangu. Nilipaswa kusema. Naelewa, Mzee. Naelewa. Asante."

Alikata simu, akakaa.

"Kiti amempa mwingine. Mezani nisikae mpaka atakapoamua. Jumatatu niende tu, ataona nifanye nini. Amekasirika." Alifikiri. "Amekasirika kwa ajili ya lile kundi. Kwa ajili ya pua ameuliza tu kama inauma."

Mama Pacha alitegemea kuona huzuni moyoni mwake, na huzuni ilikuwapo. Lakini mbele yake, limesimama kama mtu aliyefika mapema, lilikuwapo swali. Alilikagua kama ni la adabu. Akaamua aliulize.

"Chai yenyewe, siku hizi, ukiionja unapata nini?"

Mumewe alimtazama. Ilionekana hakuna aliyewahi kumuuliza, na kwamba yeye mwenyewe, kwa miezi yote ile ya kujificha, hakuwa amejiuliza.

"Ngoja," alisema. Akafumba macho, ulimi ukasogea nyuma ya meno. "Ni kama kumwona mtu unayemfahamu kwa nyuma. Mwendo ni wake. Mabega ni yake. Unajua ni yeye, unamwita, hageuki."

"Na kahawa?"

"Kahawa? Kahawa simjui kabisa yule. Ni mtu tu anapita, amekunja uso."

"Na maziwa ya leo?"

Basi lilikuwa limetokea kwenye kona, taa zimewashwa. Mume aliinua mkono kulisimamisha, huku bado anafikiria.

"Maziwa," alisema, "unaniuliza yapi?"